Tumba Limeinamisha Shingo

Jumatatu, 28 Agosti

Jalidi alfajiri, jua baada ya chai. Kazi ya bustani imeanza rasmi.

Nimekata mabua yote makavu ya asta na floksi. Niliyaacha yasimame kipindi chote cha baridi, ambacho huku kusini mwa dunia huisha Agosti, kama inavyopasa. Ngaire Tipa wa ng'ambo ya barabara huyakata yake mwezi Mei ili bustani "ipendeze". Kila mwaka namweleza kwamba mabua hayo ndiyo blanketi la shina lililo chini. Kila mwaka hunijibu kwamba mashina yake hayajawahi kulalamika.

Na chini ya mabua — machipukizi! Peoni zimetoa pua nyekundu. Matandazo nimeyaondoa kwa vidole, si kwa reki. Reki huvunja pua. Nimelisema hilo kwa sauti, ingawa hapakuwa na mtu wa kumwambia. Nilistaafu shule, kufundisha sikustaafu.

Kitalu cha ukutani nimekiacha cha mwisho, kama mtoto anayesogeza nyama pembeni ya sahani. Humo imo miche ya dafodili, yangu na ya Bwana Mutch, jirani yangu. Mbegu tulizipanda pamoja majira sita ya machipuko yaliyopita. Mama ni dafodili nyeupe aliyoniachia marehemu mama yangu. Baba ni ile ya Bwana Mutch, yenye kikombe cha rangi ya chungwa katikati ya petali. Aliileta chavua yake ndani ya kikopo cha tumbaku, akaipaka kwa brashi huku amezuia pumzi, kama mtu anayemtoa mtoto kibanzi jichoni. Tangu hapo ni majani. Kwanza membamba kama nyasi, kisha kama utepe, kisha mapana ya kuridhisha. Majani, majani, majani!

Leo nimebonyeza kwa vidole viwili katikati ya mche wa pembeni kabisa. Kuna kitu kigumu.

Tumba.

Sikupiga kelele. Nilisimama, nikapangusa mikono, nikaenda kwenye uzio nikamwita jirani yangu kwa jina lake la ukoo, kwa sauti niliyokuwa nikiitumia kwenye gwaride la asubuhi.

Hakuwapo. Alikuwa kwa daktari. Nimebaki na habari kubwa kuliko zote za mwaka huu na hakuna wa kumpa isipokuwa mbwa wake.

Jumanne, 29 Agosti

Bwana Mutch amekuja mapema, na fimbo yake ya kuchungia kondoo. Siku hizi anaiegemea yeye. Tangu alipoanguka uani mwezi Juni, kwenye barafu, nyonga yake haijarudi kuwa nyonga. Nilimkataza kupiga magoti. Akapiga magoti.

Alibonyeza. Akabonyeza tena. Kisha akasema:

"Mwalimu, tuna mimba."

Nilimwambia achunge ulimi wake, barabarani kuna watu. Na kweli walikuwapo: Ngaire alikuwa anapita na mkoba wa maziwa.

"Nimesikia!" akapiga kelele. "Hongereni! Ni wa nani, wako au wake?"

"Wetu sote," akajibu Bwana Mutch, bado kapiga magoti. Nilimsaidia kuinuka. Ilichukua muda, maana tulikuwa tunacheka, naye akicheka huwa mzito.

Alipokunywa chai ndipo akaniambia lile jingine. Alilisema akiwa amenipa mgongo, akitazama dirishani. Rhona, binti yake, amepiga simu kutoka Brisbane, ng'ambo ya bahari. Tiketi imekatwa. Nyumba imepata wanunuzi, vijana wawili wenye mtoto. Anaondoka Alhamisi, tarehe ishirini na moja Septemba. Atakaa kwa Rhona, ghorofani, penye lifti.

"Brisbane hakuna baridi," nikasema.

"Ndiyo raha yake, wanasema."

"Dafodili bila baridi haitoi ua."

"Najua, Mwalimu. Mimi si mwanafunzi wako."

Tumba hili litafunguka lini? Septemba ikiwa ya joto, tarehe kumi na nane. Ikiwa ya kawaida, ishirini na tano.

Hapa petu Septemba huwa ya kawaida.

Ijumaa, 1 Septemba

Kalenda inasema leo ni siku ya kwanza ya majira ya machipuko. Theluji imeanguka tangu alfajiri. Kalenda ichapishwe upya!

Nimefunika kitalu kwa kapu la nguo, na juu ya kapu joho langu la mahafali. Ni sufu nzito nyeusi, halijapata kazi ya maana hivyo tangu nilipolivaa. Bwana Mutch alitazama kutoka upande wake wa uzio akauliza kama mche umeshafaulu mtihani. Nimemjibu kwamba umefaulu kuliko wengi niliowafundisha.

Malisho ya nyuma yamejaa wanakondoo waliozaliwa jana. Wanaruka kwenye theluji kana kwamba waliiagiza wao.

Jumatatu, 4 Septemba

Theluji imeyeyuka. Tumba zima. Joho limelowa.

Tumegawa asta, mimi na Ngaire. Fundo lilikuwa limekaa mahali pamoja miaka mingi mno. Unachoma uma mbili za bustani katikati, mgongo kwa mgongo, kisha kila mtu anavuta kwake mpaka shina lipasuke. Katikati pamekufa, pakavu kama gunzi. Uhai wote uko pembeni. Pa katikati unapatupa, pa pembeni unapapanda upya.

"Kwa hiyo wazee tutupwe?" akauliza Ngaire.

"Wewe uko pembeni."

"Na Archie?"

Archie ndiye Bwana Mutch; Ngaire humwita kwa jina la kwanza, mimi sijawahi. Nilikuwa navuta uma.

"Mwambie abaki."

"Nimwambie nani?"

"Mbwa, shoga! Mwambie mbwa!"

Nilimwambia kwamba mtu mzima aliyekata shauri na binti yake hapangiwi na jirani. Akaniambia kwamba Bwana Mutch hakukata shauri lolote, alikatiwa tiketi, na tofauti hiyo hata mtu ambaye hakusoma Kilatini anaiona. Kisha akabeba nusu yake ya asta akaenda zake. Amechukua nusu kubwa.

Kuhusu mbwa: Moss anabaki kwangu. Imeamuliwa. Kwenye ghorofa ya Rhona mbwa hawaruhusiwi. Mimi na mbwa! Sijawahi kufuga hata kasuku. Nimekubali kwa sababu niliulizwa kwa heshima na sikupata sababu ya kukataa iliyosimama sawasawa.

Alhamisi, 7 Septemba

Maafa. Nitayaandika kwa utaratibu.

Asubuhi niliposhuka na kikombe changu, niliona kwanza udongo kwenye njia. Kisha nikaona mkia. Kisha mbwa mzima, kichwa chake ndani ya kitalu cha ukutani, akichimba kama aliyelipwa. Pembeni yake, juu ya mawe, dafodili yetu. Tunguu, mizizi, majani, tumba. Yote nje, hewani, kama samaki.

Nilisema neno. Sitaliandika.

Mbolea ya unga wa damu na mifupa! Kitalu chote kilikuwa kimenyunyiziwa. Mtu yeyote aliyewahi kutunza bustani jirani na mbwa anajua: unga huo haunyunyiziwi juu juu. Unafukiwa chini, unamwagiwa maji, tena unawekewa wavu. Mbwa akiunusa huamini kwamba chini kuna kondoo mzima. Nani mjinga aliyefanya hivi?

Mjinga alikuwa amesimama kwenye lango, kofia mkononi.

"Nilitaka iwe zawadi," alisema. "Niliamka kabla yako. Nikasema, kabla sijaondoka niyalishe matunguu ya Mwalimu vizuri. Nilisahau kumfunga Moss."

Mchungaji wa kondoo miaka hamsini. Amezika mbwa wengi kuliko nilivyozika shangazi. Na amesahau mbwa!

Nilikuwa na hotuba tayari. Sehemu tatu, na hitimisho. Nikamtazama. Unga mwekundu ulikuwa umemganda hadi viwiko, maana alikuwa amepiga magoti tena, gizani, na nyonga ile.

Nikasema, "Leta ndoo ya maji. Ya mvua, si ya bomba."

Tumelitazama tunguu pamoja. Mizizi mingi imebaki, michache imekatika. Shingo nyeupe ya majani huonyesha udongo ulipofikia, kwa hiyo tumelirudisha kina kilekile. Maji. Udongo umekandamizwa kwa viganja, si kwa miguu. Juu yake mwavuli wangu mzuri, ili jua lisilikaushe. Moss alitazama kazi yote akiwa amefungwa kwenye mti wa tofaa, uso umetulia kama wa shemasi anayepitisha sahani ya sadaka.

Alipoondoka aliniambia: "Ulipaswa kunikaripia, Mwalimu. Ungenikaripia ningelala."

Ijumaa, 8 Septemba

Majani yamelegea. Tumba limelala ubavu. Sina zaidi.

Jumapili, 10 Septemba

Yamesimama!

Nimechelewa kanisani. Mimi! Nimeingia wakati wa wimbo wa pili, nina udongo kwenye glavu, na Ngaire akageuka kutoka benchi la mbele akaniuliza kwa macho. Nikainua kidole kimoja, wima. Akaanza kuimba kwa sauti kubwa kupita wote. Bwana Mutch, kwenye benchi la nyuma, alipenga kamasi wakati wote wa sala. Amesema ni mafua.

Jumatano, 13 Septemba

Mvua. Konokono. Nimewaokota chini ya vyungu, nikawapeleka malishoni, mbali. Bwana Mutch anashauri kisahani cha bia. Nimemwambia konokono wangu hawatalewa.

Matunguu mengine yote ya bustani yamepata mlo wao leo — chini ya udongo, na wavu juu.

Jumamosi, 16 Septemba

Sasa Bwana Mutch anakuja kila siku na ndoo yake. Anaigeuza, anaikalia mbele ya kitalu, anatazama. Moss hulala miguuni pake, kafungwa. Nyumbani kwao masanduku yamejaa sebule nzima. Anasema ndoo ndiyo kiti pekee ambacho Rhona hajamwagiza akiuze.

Tumba limepanda juu ya majani. Bado limenyooka kuelekea mbinguni kama penseli. Si dalili nzuri. Dafodili kabla ya kufunguka lazima iinamishe shingo kama bata bukini anayetafuta kitu majini. Mpaka shingo iiname, hakuna la kutarajia.

Tumegombana kuhusu jina. Ua jipya ni lazima liwe na jina kabla ya kupelekwa kwenye maonyesho ya maua, Jumamosi ijayo. Mimi nimependekeza "Aurora".

"Hilo ni jina la meli ya watalii," akasema.

"Ni mungu wa kike wa mapambazuko."

"Mapambazuko yenyewe unayajua wewe? Mimi ndiye niliyekuwa nayo malishoni, Mwalimu. Huwa ni baridi, yananuka kondoo."

Yeye anapendekeza "Moss".

"Mbwa aliyelifukua?"

"Ndiyo. Alikuwa wa kwanza kulijali."

Nimecheka mpaka nikashika ukuta. Umri wangu! Nilipomaliza kucheka yeye alikuwa hacheki, ananitazama tu, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sikujua niipeleke wapi. Nikaenda kupalilia.

Jumatatu, 18 Septemba

Shingo imeinama!

Saa tatu asubuhi lilikuwa bado wima. Saa sita lilikuwa limelala kidogo, kama mtu anayesinzia kwenye mahubiri. Saa tisa — shingo ya bata bukini kamili, tumba limenona, na kwenye ncha weupe unaonekana kupitia utando. Nimempigia simu Ngaire. Nimempigia simu mtu bila sababu ya lazima!

Rhona amewasili leo kwa ndege. Nilimfundisha miaka mitano. Ana mvi sasa, ni msimamizi wa jambo fulani kubwa huko Brisbane, lakini aliponiona langoni alitoa mikono mifukoni na kunyoosha mgongo. Nikamwambia apumzike. Akasema, "Ndiyo, Mwalimu," akabaki vilevile.

Nilikuwa nimefikiri tangu mchana. Kuna njia. Kila mshindani wa maonyesho anaijua: unalikata tumba likiwa na shingo iliyoinama, unaliweka kwenye glasi ya maji ya vuguvugu, unalifungia ndani ya kabati lenye tangi la maji moto. Kesho kutwa limefunguka. Tunguu halidhuriki. Bwana Mutch angeliona kabla ya kuondoka.

Nikaenda na mkasi. Bwana Mutch alikuwa kwenye ndoo yake, na Rhona amesimama nyuma yake.

"Nilikate," nikasema. "Kabatini litafunguka Jumatano."

Rhona akasema, "Hilo ni wazo zuri sana, Baba!"

Bwana Mutch akautazama mkasi, kisha akanitazama mimi.

"Rangi itakuwaje?"

Alijua jibu. Ua linalofungukia gizani hutoka limepauka. Kikombe hakipati rangi yake. Ungeona ua, lakini si ua hili.

"Majira sita," akasema, "halafu nilione likiwa na uso wa mgonjwa? Hapana. Liache lifungukie hapo hapo, na jua lake. Wewe utaliona, Mwalimu. Utaniambia."

"Nitakupigia picha."

"Utaniambia," akarudia. "Picha hupigwa na kila mtu. Wewe utanieleza kwa sentensi zako, nami nitaona."

Nimeurudisha mkasi bandani. Nilikaa humo kidogo, nikapanga vyungu ambavyo vilikuwa vimepangwa.

Jumanne, 19 Septemba

Baridi. Tumba halijasogea.

Rhona amekuja peke yake, kuleta vyakula vya Moss na maagizo. Alinikuta nikisimika vijiti vya delfiniamu. Vijiti husimikwa sasa, kabla mmea haujavihitaji. Ukingoja mpaka uanguke, umechelewa. Akashika vijiti bila kuambiwa, akawa ananipa kimoja kimoja.

"Unaniona katili," akasema.

"Sijasema hivyo."

"Kimya chako nilikifahamu nikiwa na miaka kumi na tatu, Mwalimu." Akanipa kijiti. "Alilala kwenye barafu mpaka wewe ukasikia mbwa. Na kama ungekuwa mjini siku ile? Mimi niko mbali, nasikia simu ikilia haipokewi. Unajua mtu anafikiria nini simu ikilia hivyo?"

Ana haki, na kila neno alilolisema lilikaa mahali pake. Nilimwambia ukweli, kwamba yeye ni binti mwema. Akalia kidogo, kwa adabu. Nikampa leso. Tukamaliza delfiniamu zote.

Akiwa langoni aliuliza: "Yeye mwenyewe amewahi kukuambia hataki kwenda?"

"Hapana."

"Na mimi hajaniambia."

Jumatano, 20 Septemba

Upepo wa kaskazini-magharibi! Umeanza usiku, na asubuhi hewa imekuwa ya moto kama pumzi ya tanuri. Mlima wote unaonekana karibu. Kila kitu kinakimbia kuchanua: peoni zimeruka kimo cha kidole, tulipu za Ngaire zimepiga miayo. Nimekimbilia kitaluni mara nyingi kuliko nitakavyokiri mahali pengine popote.

Saa kumi utando umepasuka. Utepe mweupe umetoka upande mmoja. Mmoja tu!

Chai ya kuagana ilikuwa kwangu. Nilioka mikate ya jibini, ile ya kukunja, Bwana Mutch akala mingi kupita wote akasema kwamba Brisbane hawajui hata kuikunja. Ngaire alileta keki na akaanza kuimba kabla ya kukaa. Tulicheka sana. Rhona alisimulia jinsi nilivyomrudishia insha mara tatu. Nilimwambia ya nne ilikuwa nzuri, akawekelea mkono kifuani kama aliyepewa nishani. Laiti kila kuagana kungekuwa na kelele namna ile! Hakuna aliyetazama saa.

Bwana Mutch alinikabidhi kamba ya Moss mlangoni.

"Hapendi kufokewa," akasema. "Akikosea, kaa kimya tu, kama unavyofanya. Inamuuma zaidi."

Jua likazama. Maua hayafunguki jua likizama. Nimekaa kitaluni hata hivyo.

Alhamisi, 21 Septemba

Naandika nimesimama, jikoni, birika likiwa motoni. Si desturi yangu kuandika asubuhi. Mwandiko ni mbaya.

Jua kali. Upepo umetulia. Saa moja na nusu nilikuwa kitaluni na Moss. Petali tatu zimeachana, tatu bado zimekumbatiana. Nyeupe — nyeupe safi kama ya mama. Lakini kikombe kiko ndani, hakijaonekana. Unaona tu mwanga wa kitu humo, kama taa nyuma ya pazia. Rangi gani? Siwezi kusema. Saa moja zaidi. Labda mbili.

Saa mbili gari la kukodi likasimama langoni kwangu. Masanduku nyuma. Rhona kwenye usukani, injini inanguruma. Ndege ni saa nane, na kutoka hapa hadi uwanja wa ndege wa Dunedin si karibu. Bwana Mutch akateremka, amevaa suti yake ya mazishi na maonyesho. Amekuja kuaga, alisema. Dakika tano.

Akaliona.

Alizunguka nyuma ya banda. Nilidhani amekwenda kujikaza. Akarudi na ndoo — ilikuwa imebaki kwangu. Akaigeuza. Akaikalia, na suti ile!

Rhona akapiga honi. Kidogo tu, kwa adabu.

"Bwana Mutch," nikasema, "unaitwa."

"Nasikia, Mwalimu."

Hakusogea. Petali ya nne ikaachia. Niliiona ikiachia! Miaka yote hii bustanini na sijawahi kuliona ua likifanya hivyo mbele yangu, waziwazi, kama mtu anayefungua mkono.

Nikasema, "Archie."

Hakugeuka. Hakudhani ni yeye anayeitwa. Nikarudia. Ndipo alipoinua uso, taratibu sana, na kofia akaivua.

"Unataka kwenda?" nikamuuliza.

"Hakuna aliyewahi kuniuliza."

"Nakuuliza mimi."

"Hapana," akasema. "Sitaki hata kidogo."

Nilitembea mpaka langoni. Sikukimbia, lakini nilitembea kwa kasi. Rhona akashusha kioo. Nilikuwa sijaandaa lolote, mimi ambaye sijawahi kusimama mbele ya mtu bila kujiandaa. Nikamwambia kwamba chumba changu cha nyuma kina dirisha linalotazama kitalu. Kwamba kiko chini, hakina ngazi hata moja. Kwamba kutoka kitanda kile hadi changu mtu akiita anasikika, na nina usingizi mwepesi, na simu ikilia nyumbani kwangu hupokewa. Kwamba watu watasema, na waseme — Ngaire ataanza, ninamjua, na atasema kwa furaha. Nikamwambia asinijibu sasa. Nikamwambia baba yake amekataa kwenda, kwa kinywa chake, na aende akamsikie mwenyewe.

Rhona alinitazama kana kwamba nimempa swali ambalo hakulisomea. Mikono yake ilibaki kwenye usukani. Nikageuka nikaja kuweka birika, kwa sababu nilikuwa sijui kingine cha kufanya na mikono yangu.

Kutoka dirishani namwona Archie kwenye ndoo, kofia gotini, amejiinamia mbele kama ua lenyewe. Moss ameweka kidevu juu ya kiatu chake cha maonyesho. Sasa ananipungia mkono. Anapunga kwa nguvu. "Ishbel!" anaita — jina langu, mtaa mzima unasikia — "Ishbel, toka nje! Toka uone rangi!"

Birika linapiga mluzi. Gari bado linanguruma langoni.

Nimetoa vikombe viwili.

Injini imezimwa.

Nimetoa cha tatu.